Golikipa wa Barafuni Huishiwa na Uwanja Kabla ya Kipaji

Tarehe 22 Februari 1980, mjini Lake Placid, Marekani, kijana wa miaka 22 aitwaye Jim Craig alizuia mashuti 36 kati ya 39 ya Muungano wa Sovieti, na Marekani ikashinda 4-3 katika hoki ya barafuni ya Olimpiki. Siku mbili baadaye waliilaza Finland 4-2, wakatwaa dhahabu. Hata hivyo, katika NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, Craig alicheza mechi 30 tu, na kufikia mwaka 1984 alikuwa ameshaondoka. Wapo wanaoshikilia kuwa hakufikia kiwango cha ligi ile. Huenda, lakini Wasovieti hawakuwa wachovu. Timu ina lango moja na golikipa mmoja ndiye husimama pale. Anayekaa benchi hupoteza makali hata awe na kipawa gani. Mechi 30 katika misimu kadhaa hazitoshi kumkomaza mtu.

Hoja hiyo inaihusu moja kwa moja Komarock, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi. Wachezaji wengi wa hoki ya barafuni nchini Kenya walianzia kwenye viatu vya magurudumu, na lami ya mitaa ya Eastlands inatosha kumfundisha mtoto mbio na mizani. Ugolikipa ndio hausomeki pale. Mdakaji hupiga magoti na kuteleza kutoka mwimo hadi mwimo akifuata kisahani cha mpira mgumu chenye gramu 170 hivi, na magurudumu juu ya lami hayatelezi kwa ubavu. Barafu iko kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, tangu 2005. Kutoka Komarock ni kushika Barabara ya Outering, kisha kulipia kiingilio. Hapo ndipo timu ya hoki ya Ice Lions ilipozaliwa mwaka 2016, ikaalikwa Kanada 2018. Korona ilipofunga uwanja huo mdogo, mazoezi ya barafuni yalikatika. Mshambuliaji aliweza kurudi kwenye magurudumu. Golikipa hakuwa na pa kurudi.

Mtu atauliza kwa nini tugharamie barafu ilhali viwanja vya kandanda ni vumbi tupu. Swali ni la haki. Ila hapa hakuna anayeomba kujengewa: uwanja upo, na tangu 2024 Kenya ni mwanachama wa shirikisho la dunia, IIHF. Kinachohitajika ni saa za mazoezi. Wasimamizi wa mchezo na wenye uwanja wawatengee magolikipa chipukizi muda wao kila wiki, nauli ya watoto wa Eastlands ikiwemo.