Kikale cha Bweranyange na Majirani Zake wa Kafuro

Karagwe haina bahari, lakini mandhari ya maji iliwavutia wageni wenye mali huku kabla ya hoteli yoyote kujengwa Kagera. Novemba 1861 wapelelezi wa Kiingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange, makao makuu ya Omukama (mfalme) Rumanyika wa Kwanza. Waliulizwa wangependa kukaa wapi: ndani ya kikale (makao ya mfalme yenye uzio), Kafuro waliko Waarabu, au nje ya uzio. Wakachagua nje, kwa sababu kutoka pale ziwa dogo lililo chini ya mlima lilionekana vizuri. Grant alisema linafanana na Windermere la kwao Uingereza, na Speke akaliandika kwa jina hilo kwenye ramani yake, kana kwamba waliokuwa wakivua humo hawakuwa na jina lao.

Kikale chenyewe kilikuwa kikubwa. Simulizi za Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, zinasema Ruhinda aliuchukua utawala kutoka kwa Nono wa ukoo wa Wasita, na uzao wake, Wahinda, ukashika Karagwe kwa karne kadhaa. Speke alipita kwenye nyua pana zenye nyumba nyingi za msonge mpaka akafikishwa kwenye baraza lenye paa la mgongo. Baraza hilo halikuwa la ufundi wa Kinyambo: Waarabu walikuwa wamemjengea Omukama ili ashughulikie humo mambo ya nchi. Rumanyika alikuwa ameketi na ndugu yake Nnanaji, amevaa joho jeusi la Kiarabu, shanga za rangi miguuni na vikuku vya shaba mikononi, kiko kikubwa cha udongo mweusi pembeni. Akawakaribisha kwa Kiswahili safi. Hilo halikumshangaza Sidi Mubarak Bombay wala waungwana wengine wa msafara. Lugha ya pwani ilikuwa imefika kitambo pamoja na shanga na vitambaa.

Iliingiaje? Ndagara, baba yake Rumanyika, alipofariki katikati ya miaka ya 1850, wanawe waligombea kiti. Rwegira alikuwa mshindani mkali, na Rumanyika alimshinda kwa msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na makao Tabora. Baada ya msaada wa namna hiyo ni vigumu kumfungia mtu mlango. Hata hivyo Rumanyika hakuwaingiza wafanyabiashara uani kwake. Makazi yao yalikuwa Kafuro, kando ya Bweranyange, kwenye njia iendayo Buganda. Kwangu mimi huo ndio werevu wake mkubwa kuliko vita vyake vyote: mali ilikaa karibu kiasi cha kutozwa ushuru, na mbali kiasi cha kutosikia siri za nyumba.

Kafuro tunaijua zaidi kwa kalamu ya mpelelezi Henry Morton Stanley, aliyefika mwanzoni mwa 1876. Kijiji kilikuwa bondeni, milima imekizunguka, kwenye chemchemi ya kijito kinachoteremka kuelekea Mto Kagera. Umuhimu wake wote ulitokana na matajiri wachache: Hamed Ibrahim, Sayid bin Sayf na Sayid mwingine wa Muscat. Hamed alikuwa na nyumba pana yenye paa la mgongo, tofauti na misonge ya majirani. Mali yake, kwa hesabu aliyoiandika Stanley, ilikuwa ng'ombe 150, mbuzi 40, pembe za ndovu 450 na watumwa 100. Watu hao 100 wamewekwa katika orodha moja na mbuzi, bila jina hata moja, ingawa ni wao waliochota maji, wakalima na kuezeka. Historia ya nyumba za Kafuro isiyowataja wao imeacha nje wakazi walio wengi.

Kikale nacho kilikuwa na wakazi ambao wageni hawakuwaelewa. Wanawake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa wasiweze kusimama, maana unene ulitangaza wingi wa ng'ombe. Speke alimpima shemeji mmoja wa Omukama kwa utepe na kuchapisha vipimo vyake. Mgeni wa leo akifanya hivyo atafukuzwa siku hiyohiyo.

Stanley aliingizwa katika nyumba ya hazina, msonge uliojaa mikuki, bata wa shaba na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, pamoja na bunduki aliyoiacha Speke. Ng'ombe wa chuma wa Karagwe mapokeo huwahusisha na Ndagara mwenyewe, aliyesifika kwa uhunzi. Stanley pia aliteremsha mashua yake, Lady Alice, katika lile ziwa, na Omukama akatazama ikishindana na mitumbwi ya wenyeji.

Baada ya Rumanyika, mambo yaliharibika haraka. Ugomvi wa urithi uliwadhoofisha Wahinda. Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe, na bila ng'ombe kikale hakikuwa na maziwa wala heshima. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, na biashara ikafuata maji. Njia ya Kafuro ikakosa misafara. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu.

Misonge haiachi magofu. Mwaka 1975 Israel Katoke alichapisha historia ya ufalme huu, na wanaakiolojia wamechimba Bweranyange kutafuta alama za nyua zake. Kyerwa ilitengwa na Karagwe kuwa wilaya mwaka 2012, na mwaka 2019 mapori ya akiba ya eneo hili yakapandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa upande mmoja, Rumanyika-Karagwe upande mwingine. Hivyo anayekwenda kuangalia wanyama hulipa kiingilio kwenye lango lenye jina la mwenyeji aliyejua kutoza wapita njia.