Malaria: Baridi ya Nyeri isikuhadae

Mgeni alalaye Nyeri au katika Mbuga ya Aberdare huenda asisikie mbu hata mmoja. Vimelea vya malaria havikomai ndani ya mbu penye baridi kali, na ndiyo sababu ugonjwa huu ni nadra katika nyanda za juu za Mlima Kenya.

Hata hivyo, safari nyingi huteremka hadi Samburu au Mbuga ya Meru, kwenye joto, ambako hatari huongezeka, hasa baada ya mvua. Mbu aenezaye malaria huuma usiku. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, vaa mikono mirefu, na umwone daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kuondoka.

Dalili huanza baada ya siku 7 au zaidi. Ukipatwa na homa baada ya kurudi, pimwa damu upesi, nawe umweleze daktari ulikotembea kote.