Maji Yaliyo Chini ya Sakafu

Katika sikukuu ya Jubilei desturi ni kuhesabu makanisa, mashule na waliobatizwa. Sisi twataka kunena habari ya adui asiyeonekana na wageni wa sherehe, naye ni unyevu ulio chini ya miguu yetu. Huyo ndiye aliyezijaribu nyumba zote za bonde hili, za wenyeji na za misioni pia.

Mto Kilombero, ambao zamani uliitwa pia Ulanga, hupita kati ya milima ya Udzungwa na nchi ya juu ya Mahenge, kisha huungana na Luwegu, ndipo huitwa Rufiji. Masika yakifika, hasa mwezi wa Machi na Aprili, mto huzipita kingo zake, na mbuga hugeuka kuwa ziwa. Mwaka 2002 bonde hili liliandikwa katika orodha ya ardhi oevu ya mkataba wa Ramsar, eneo lake likiwa karibu kilomita za mraba 8,000. Hata maji yakiisha kuondoka juu ya nchi, chini bado yamo.

Wazee wetu waliijua habari hii kabla hajafika mwashi yeyote. Mkulima wa mpunga hujenga dungu shambani: nguzo za miti, juu yake sakafu ya fito, na chini wazi. Maji hupita, upepo hupita, naye hulala pakavu. Ufito ukioza huonekana mara, hutolewa, hutiwa mwingine.

Wabenediktini wa St. Ottilien walianza misioni ya Kwiro, huko juu Mahenge, mwaka 1902. Na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakashika kazi. Ujenzi wa matofali ukaenea. Basi, nyumba ya kizamani yenye sakafu ya mbao, ukiitazama vema, ni dungu lililofichwa ndani ya kuta. Msingi umeinuliwa, boriti zimelazwa juu yake, mbao zimepigiliwa juu ya boriti. Chini yake pana nafasi yenye giza, na kutani mna matundu madogo, pande mbili zikabilianazo, ili upepo uingie huku utokee kule.

Mambo matatu huiharibu kazi hiyo. Kwanza, ua hupanda mwaka kwa mwaka kwa mchanga na takataka, hata matundu yakafukiwa. Pili, watu huyaziba kwa hofu ya nyoka na panya. Tatu, kuta za zamani hupakwa saruji badala ya chokaa. Maji hupanda ndani ya tofali kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Chokaa huyaacha yatoke nje. Saruji huyafungia ndani, nayo yakatafuta njia katika ncha za boriti. Mti ukiisha kupata maji kupita sehemu 20 katika 100 za uzito wake mkavu, ukungu huanza kuula, na mchwa hufuata. Kwanza husikika harufu, halafu sakafu hulegea. Ndipo mbao hulaumiwa, nazo hazina kosa. Hung'olewa, humwagwa zege mahali pake. Lakini unyevu haukufa, umehamia ukutani.

Kwa hiyo twawashauri walinzi wa nyumba hizi. Kabla ya kununua ubao mmoja, ondoeni udongo uliorundikana nje, mpaka uwe chini ya matundu. Zibueni matundu, mtie wavu wa chuma. Hewa itapita, nyoka atabaki nje. Mtengeneze mifereji ya paa, maji yaende mbali na msingi. Ng'oeni ubao mmoja karibu na ukuta, mchome ncha ya boriti kwa kisu: kikizama kama katika muhogo uliochemka, imeoza, ikatwe. Boriti mpya isiguse tofali bichi. Itiwe karatasi ya lami kati. Kisha ngojeni kiangazi kikaushe, ndipo mfunike.

Jimbo la Mahenge lilisimama mwaka 1964, na la Ifakara mwaka 2012. Nyumba za kale tumezirithi, na kila moja ibomolewayo bure hudai mchango mpya kwa mkulima yule yule wa mpunga. Mithali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini tundu la hewa si ufa, na alizibaye ndiye atakayejenga ukuta.