Pawpaw ya Nchi ya Baridi: Mbegu Inayosubiri Barafu Ipite

Kwetu pawpaw ni papai tu, basi. Lakini ukilitamka neno hilo Ohio au Kentucky, wenyeji watawaza tunda jingine kabisa: Asimina triloba, ndugu wa stafeli na topetope. Ukoo wake karibu wote unaishi nchi za joto. Huyu mmoja yuko misitu ya mashariki ya Marekani hadi kusini mwa Ontario, Kanada, na anastahimili nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri.

Anawezaje? Hebu tuanze na mbegu. Tunda linaiva kuanzia Agosti hadi Oktoba. Mbegu ingeota palepale, mche ungekutana na barafu ukiwa bado mchanga, ukafa. Kwa hiyo mbegu inalala. Haiamki mpaka ipitie baridi yenye unyevu, karibu nyuzi 5, kwa siku 70 hadi 100. Ndiyo maana wapandaji huiweka kwenye friji, siyo friza, ikiwa na unyevu wake. Usiianike juani kama mahindi, ikikauka imekufa. Ukishaipanda, mzizi ndio unaotangulia, na jani utalisubiri wiki kadhaa. Tunda lenyewe? Miaka mitano hadi minane.

Wenyeji asilia wa Marekani walilila tunda hili karne nyingi. Septemba 1806, msafara wa Lewis na Clark ukirudi kupitia Mto Missouri, akiba ya chakula ilikuwa imekaribia kwisha, nao wakaokolewa na pawpaw za porini. Mwaka 1916 Chama cha Jenetiki cha Marekani kikatangaza shindano la kutafuta tunda bora nchini, kwa matumaini kwamba lingekuwa zao la biashara.

Halikuwa. Ndizi unaikata mbichi, inasafiri melini, inaivia sokoni. Pawpaw ikishaiva, siku mbili tatu tu inaharibika. Wapenzi wachache wakaendelea kukusanya aina nzuri, ila walipofariki mashamba yao yalisahaulika.

Na hapa ndipo hasara ilipo. Mbegu haitoi nakala ya mama yake: chavua hutoka mti mwingine, kwa hiyo kila mche ni mchanganyiko mpya. Mti mtamu usipobebeshwa, yaani kijiti chake kuungwa kwenye shina la mche mwingine, utamu ule unaondoka na mti wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1970, mwanafunzi wa uzamili wa jenetiki West Virginia, Neal Peterson, alionja pawpaw kwa mara ya kwanza, akashangaa mbona haiuzwi. Akaanza kuyasaka mashamba yale ya zamani, akakusanya mbegu, akaotesha miche zaidi ya elfu moja, akasubiri miaka, akaonja, akachagua michache. Aina zake zina majina ya mito, kama Shenandoah na Susquehanna. Leo Chuo Kikuu cha Jimbo la Kentucky kinatunza hazina ya taifa ya miti hii.

Sasa jiulize kuhusu ule mwembe wa kwa bibi, usio na jina, ambao embe zake hujazipata kwingine. Nani amewahi kukata kijiti chake akakibebesha? Kupanda kokwa peke yake huenda kusikurudishie ladha ile.