Maradhi ya Taya Kampala

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, tabibu Hugh Trowell alimwita Denis Burkitt, mpasuaji wa asili ya Ireland aliyekuwa akiona kwa jicho moja tu, amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Na baada ya majuma machache Burkitt akamkuta mwingine wa hali hiyo hiyo huko Jinja. Maradhi hayo, ambayo ni aina ya saratani, hayakuwa mageni, kwani Albert Cook, tabibu wa misheni aliyeianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikwisha kuyaandika katika kumbukumbu zake, walakini hakuna aliyeyakusanya yakawa habari moja.

Mwezi Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitwaa gari kuukuu wakashika njia ya kusini kwa muda wa majuma kumi, mwendo wa maili zipatazo 10,000, wakiingia hospitali moja hata nyingine wakiuliza kama maradhi yale yamepata kuonekana. Jawabu likawa la ajabu: penye baridi ya milima hayapo, penye joto na mvua yapo, yaani yanafuatana na malaria. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tukufu ya kisa hiki, kwa kuwa elimu kubwa ilipatikana kwa kuwauliza watu ambao aghalabu hawaulizwi.

Huko London, kutokana na vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kwamba wameona ndani yake virusi vinavyoitwa hata leo kwa majina ya Epstein na Barr (maskini Achong, mtu wa Trinidad, akaachwa).

Siri ya ndani ya chembe za uvimbe huo ilifunuliwa mwaka 1982. Iko protini iitwayo Myc, ambayo amali yake ni kuziamsha jeni nyingine ili chembe ikue na kugawanyika. Chembe B za damu, zitengenezazo kingamwili, zina desturi ya kukata na kuunga nyuzi zao za urithi, na kwa nadra kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya Myc huungwa kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni ya kingamwili isiyopumzika; hapo Myc nayo hainyamazi tena, na chembe huzaana pasipo kikomo.

Burkitt, kwa kukosa mashine ya miali huko Kampala, alikuwa amekwisha kuwapa watoto dawa za saratani kabla siri hiyo haijafunuliwa, akaona uvimbe ukinywea kwa siku chache, pengine kwa kipimo kimoja tu. Maana dawa hizo huziua zaidi chembe zilizo katika kugawanyika, na haraka ya kugawanyika iletwayo na Myc ndiyo iliyoziweka chembe hizo wazi mbele ya dawa.