Toka Dungu Mpaka Hema

Kijitabu cha miaka kumi ya kikundi chetu kisiwe cha hesabu za hisa tu. Zile senti tunazochanga kwa mfuko wa jamii zina mambo yake ya zamani, na sisi watu wa Pwani mambo hayo ni ya maji.

Wazee wa Rufiji walilima mpunga bondeni na kulala juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa miti, wakilinda mazao na nguruwe. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 Serikali ikaja na Operesheni Rufiji: watu wakahamishiwa vijiji vya nchi ya juu. Shamba likabaki kulekule bondeni. Basi msimu ukifika mama anarudi dunguni, watoto wengine wanabaki kijijini na bibi.

Tarehe 20 Desemba 2011 ikawa zamu ya Dar es Salaam. Mvua ile, walisema watu wa hali ya hewa, haikuwahi kuonekana tangu 1954. Waliokufa walizidi 40. Walionusurika Jangwani na mabonde mengine walilala kwanza kwenye madarasa, lakini Januari shule zinafunguliwa, watoto wanataka madawati yao. Ndipo wengi wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, wakapewa viwanja na kukaa kwenye mahema.

Hema si nyumba, jamani. Vipimo vya kimataifa vya misaada vinataka walau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Sawa, lakini choo kikiwa mbali na giza limeingia, mama hanywi maji tangu jioni ili asitoke. Mwenye mimba naye? Na mgonjwa wa presha au wa kisukari ambaye dawa na kadi yake vimekwenda na maji, nani anajua alikuwa anameza nini? Jirani yake wa zamani ndiye anayejua, na huenda jirani huyo sasa yuko kwingine kabisa.

Baadhi walirudi bondeni, wakaitwa wakaidi. Mimi silikubali neno hilo. Aliyekuwa anauza chakula karibu na Kariakoo, huko Mabwepande angemuuzia nani, na nauli je? Ni yaleyale ya Rufiji: nyumba huku, riziki kule. Na Rufiji yenyewe pamoja na Kibiti zikafurika tena mwaka 2024, watu wakarudi makambini.

Sasa hoja ya mkutano. Wapo wanaosema mfuko wa jamii ubaki wa msiba na ugonjwa tu, maana mafuriko yakiwapiga wote siku moja utakauka. Hofu hiyo ni ya kweli. Ila tutazame tulipo: wa Kibaha tuna wenye mashamba bonde la Ruvu, wa Kisarawe wengi wako vilimani. Maji hayatufikii sote pamoja. Napendekeza kila mwenye chumba cha ziada aandikishwe kwa katibu, ili mwenzetu akifurikiwa apokelewe na wanawe kabla ya kufikiria hema. Na nakala za kadi za kliniki ziwekwe ndani ya sanduku la kufuli tatu, pamoja na vitabu vya hisa.