Jiko Lisilo Moshi

Bibi yangu mzaa mama alipika kwa kuni za mkoko juu ya mafiga matatu, katika jiko la makuti lisilo na dirisha, na kila jioni alipotoka kuja kututilia wali kwenye sinia alikuwa akifuta macho kwa pindo la kanga, macho ambayo uzee ulipomfikia yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu daima. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza “Ndoto ya Sultana”, kisa alichokitunga kwa Kiingereza Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke wa Kiislamu wa Bengal, kikachapishwa mwaka 1905 katika gazeti la wanawake la Madras, sikustaajabia magari yake yarukayo angani kama nilivyolistaajabia jiko. Katika nchi ile ya ndotoni Sultana anapelekwa kwenye jiko safi lenye nuru lililo katikati ya bustani ya mboga, lisilo makaa wala moshi, ambamo chakula huivishwa kwa joto la jua. Nilikiweka kitabu magotini, nikakaa kitambo kirefu.

Rokeya alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Pairaband, akatawishwa tangu utotoni, na Kiingereza chake alikipata kwa kaka yake, aliyemfunza kwa siri usiku, kwa mwanga wa mshumaa, watu wa nyumba wakisha kulala. Kisa chenyewe alikiandika wakati mumewe, aliyekuwa hakimu, alipokuwa safarini kikazi. Na bwana yule aliporejea alikisoma chote akiwa amesimama. Katika nchi ya ndotoni ya Rokeya wanaume ndio wakaao ndani, wakilea watoto na kupika, hali wanawake kwa ilimu yao huteka maji mawinguni, na walipovamiwa walilifukuza jeshi la adui kwa kulielekezea miale ya jua. Msomaji wa mwambao hana haja ya kufafanuliwa utawa ni nini: zamani mabibi wa Lamu walipopita njiani walisitiriwa kwa shiraa, hema la nguo lililochukuliwa na vijakazi. Basi kugeuza utawa upande wa pili, kama mtu ageuzavyo kanzu ndani nje ili mishono ionekane, kulinifahamisha zaidi ya hotuba nyingi nilizopata kuzisikia.

Rokeya hakuwa mwanamke wa kwanza kubuni nchi. Mwaka 1666 Margaret Cavendish wa Uingereza alichapisha habari za binti aliyetekwa na kutiwa chomboni, chombo kikapita ncha ya kaskazini ya dunia na kuingia ulimwengu mwingine, na huko akatawazwa kuwa malkia mkuu, akawaita wanazuoni wa ulimwengu ule mbele yake na kuwasaili juu ya nyota, hewa na maji. Mwaka uliofuata mtunzi mwenyewe alikaribishwa siku moja kuitazama Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa London. Lakini wanawake hawakupokewa kuwa wanachama wake mpaka mwaka 1945.

Nasi tunayo nchi yetu ya kubuni. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, ni kitabu nikipendacho mno, na kwa kuwa nakipenda nasema bila kificho kwamba wajumbe sita watumwao pande zote za ulimwengu wote ni wanaume, na kwamba niliyaona hayo baada ya kumsoma Rokeya tu.

Nilipofika kwa Ursula K. Le Guin wa Marekani, katika riwaya yake ya mwaka 1969 juu ya sayari ya baridi ambayo watu wake si waume wala si wake, ila kila mwezi kwa siku chache mtu huwa hivi au vile, na hata mfalme aweza kushika mimba, nilipata furaha ambayo nadhani msomaji wa Kiingereza hakuipata. Lugha yake ilimlazimisha kuchagua, akawaita wote kwa neno la mwanamume. Akalaumiwa, akajitetea mwaka 1976, na baadaye akakiri kwamba wenye kumlaumu walikuwa na haki. Kwa Kiswahili dhiki hiyo haipo. Alikuja, akaketi, akanyamaza: nani ajuaye kama ni bibi au bwana? Usiku ule nilijaribu kutafsiri kurasa mbili, kalamu ikateleza kama ngalawa yenye upepo wa tezi, mpaka nilipofika penye habari za ndoa, nikakwama. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Kiambishi “a-” kilichokuwa kimewasawazisha watu hakikufaa kitu, kwa kuwa kitenzi chenyewe kilimfanya mmoja mtenda na mwenziwe mtendwa. Niliandika “wakaoana”, nikakifuta, nikakiandika tena.

Kitabu cha mtunzi Octavia Butler cha mwaka 1979 sikuweza kukisoma kwa mfululizo. Dana, mwanamke mweusi wa California ya mwaka 1976, anavutwa mara kwa mara kurudi Maryland ya zama za utumwa ili kumwokoa na mauti mtoto wa Kizungu, ambaye ndiye babu wa ukoo wake, na ambaye akikua atamtendea jeuri mwanamke mtumwa ambaye ni bibi wa ukoo huohuo. Hapa kwetu utumwa ulipovunjwa kisheria Unguja mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909, na ziko nyumba nyingi ambazo nasaba husomwa kwa sauti upande wa baba, ikifika kwa mama wa mababa sauti ikashuka. Naijua sauti hiyo. Dana anarejea safari ya mwisho akiwa amepoteza mkono wa kushoto, na sikuona kwamba mtunzi amepita kiasi.

Nikamrudia Rokeya. Mumewe alifariki mwaka 1909, naye mwaka 1911 akafungua Calcutta skuli ya wasichana yenye wanafunzi 8. Ili wazazi wakubali, gari la kuwachukua watoto lilizibwa pande zote, hata wasichana wakazimia humo kwa kukosa hewa. Na alipoweka mapazia badala ya kuta, upepo ukayapeperusha, zikamjia barua za watu wenye hasira. Aliyaandika hayo mwenyewe mwaka 1931, mwaka mmoja kabla ya kufariki, yeye aliyekwisha kuwarusha wanawake wa nchi yake ya ndotoni angani bila pazia lolote.